Kamba ya Bluu Kwenye Kona ya Lori

Gatenga, Kigali
Jumatano, 10 Juni 2026

Kwa kaka yangu mpendwa Maneno,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, wewe na wifi na watoto, na kwamba baridi ya Rubavu haijamrudishia mama yetu Mukarugwiza kile kikohozi chake. Mwambie chai ya tangawizi aliyonifundisha nainywa kila asubuhi. Sisi huku ni wazima, ingawa hilo neno nitalieleza vizuri huko mbele.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu na simu ninayo. Simu yako hupokelewa na utingo wako, na ujumbe wa sauti mnausikiliza wote wawili mkiwa njiani. Haya ni ya macho yako peke yako. Barua nitampa Cyriaque, yule mkata tiketi wa mabasi ya Rubavu pale Nyabugogo, naye ameahidi kuitia mkononi mwako. Nimefungua pia shajara yangu kabla ya kuandika, maana nakujua: nikikosea siku moja tu, utanikamata hapo na mengine yote utayaacha.

Kaka, nyumbani kwangu tumegombana kwa ajili ya viatu.

Unajua mume wangu Sangwa bado hubeba magunia ya kabichi kwa baiskeli, na kwamba tangu Februari amejiunga na klabu yetu akitafuta nafasi ya timu. Mchujo ni Jumapili hii, kwenye mlima wa Rebero. Akichaguliwa, ataacha magunia na kuendesha kwa mshahara. Hakuna jambo analolitaka kama hilo. Hata mgongo wake unalitaka, maana mimi ndiye ninayeukanda.

Nahodha wetu ni Jovia, aliyekulia Kampala. Imani yake ni kwamba mwendesha baiskeli avae kama ngozi ya pili: kaptura ya kubana, jezi isiyoshika upepo, na viatu vinavyonasa kwenye pedali hata mguu na chuma viwe kitu kimoja. Siku ya kwanza aliponiona na kanzu yangu fupi na hijabu chini ya helmeti, aliniuliza kama nimekuja mazoezini au kupiga hema. Nilimjibu kuwa hema langu litafika juu ya mlima, yeye anisubiri. Nilifika wa nne. Baadaye nilishona kanzu nyingine nyembamba zaidi, yenye mpira mikononi na magotini, naye akaishika kitambaa na kusema haya, hema limekunjwa. Tumeelewana.

Sangwa hakuelewana naye kabisa. Yeye alikuja na kandambili zake za tairi, pedali bapa za kinyonzi, kama za wote wanaobeba watu na mizigo kwa baiskeli, na suruali aliyoifunga kifundoni kwa kipande cha tyubu. Kaptura za klabu aliziita soksi za mpaka kiunoni, akasema mtu mzima mwenye mashemeji hawezi kuonekana barabarani namna hiyo. Helmeti aliiita sufuria, lakini aliivaa kwa kuogopa polisi. Kitu kimoja tu alichokipenda ni glavu. Kuhusu viatu vya kunasa hakutania. Alisema mguu wa mwanamume barabarani lazima uwe huru, na uso wake ulikuwa mkavu aliposema hivyo.

Sasa sikiliza jambo lililotuchanganya. Kwenye mlima wa Shyorongi, ambako kila mtu huanza kivyake na Jovia kusubiri juu na saa yake, Sangwa alikuwa akifika kabla ya vijana wote, na mara nyingine hata jasho hana. Kwenye mlima wa Rebero, tukienda pamoja, alikuwa wa mwisho. Mtu yule yule, wiki ile ile. Jovia alilifikiria hilo, akatoa hukumu kwamba kosa ni kandambili: Rebero ni mkali zaidi, na mguu usionaswa unapoteza nguvu. Mimi, msomi wa sekondari, nilikubali. Nilimsumbua mume wangu wiki nzima. Nilimwambia anaringia umaskini. Nilimuuliza kama anataka kuzikwa na hizo tairi miguuni. Ijumaa jioni alichukua viatu na pedali zake alivyoazimwa na Jovia, akavijaribu uani, akaanguka juu ya beseni la nguo, tukacheka. Nilidhani nimeshinda.

Lakini mimi ndiye ninayefua, Kaka. Tangu mwezi wa tano nilikuwa nimeona kwamba glavu yake ya kushoto imelika kiganjani mpaka uzi, na ndani ya nyuzi mlikuwa na manyoya ya kamba ya bluu. Ya kulia ilikuwa nzima kama ilivyotoka dukani. Nilipomuuliza alisema ni kamba za magunia. Nikakubali, kwa kuwa jibu lilikuwa jepesi na mimi nilikuwa na nguo za watu za kumaliza.

Jumamosi tarehe 6 nilichelewa kutoka, cherehani ilinikwamisha. Nilipopita Giticyinyoni, pale mlima unapoanza, nilimwona Sangwa mbele yangu amesimama pembeni, mguu mmoja chini, akitazama nyuma. Hakuwa akinitazama mimi. Lori lisilo na mzigo lilinipita taratibu, taa yake ya kulia ikawaka mara mbili, nalo likapunguza mwendo zaidi. Kwenye kona ya nyuma, upande wa kulia, palining'inia kitanzi cha kamba ya bluu. Mume wangu akapanda baiskeli, nikasikia viatu vikinasa, kimoja, kisha cha pili. Akanyoosha mkono wa kushoto akashika kitanzi kama mtu anayeshika kitasa cha mlango wa nyumba yake.

Nilimwita. Hakusikia.

Wamekwenda hatua chache tu, mbele mtu akavusha mbuzi wake. Lori likafunga breki. Hapo ndipo mnyonzi mwenye kandambili angeshusha mguu, akasimama, akacheka, akaendelea. Nilimwona akiushusha. Mguu haukuja. Aliuvuta tena, haukuja, naye akaangukia kushoto, kwenye matairi, amefungwa kwenye baiskeli yake kama mbuzi wa sadaka. Mbuzi walimaliza kuvuka. Lori likaondoka. Tairi la nyuma lilipita juu ya gurudumu la mbele la baiskeli na kulikunja, na kati ya tairi na kichwa cha mume wangu palikuwa na nafasi ambayo mkono wangu ungeweza kuipima. Ile sufuria ilipasuka katikati kwenye lami.

Nilimfungua viatu nikiwa nimepiga magoti barabarani. Alikuwa akisema jina langu. Mkono wa kushoto umeteguka kiwiko, bega limechubuka, na hospitalini walisema hakuna kilichovunjika. Alhamdulillahi. Hiyo ndiyo maana ya uzima niliokuandikia pale juu.

Lori halikusimama. Likiwa linaingia kwenye kona, taa ya kulia iliwaka tena mara mbili, kama mtu anayeaga.

Kaka, dereva alikuwa wewe.

Sihitaji unijibu kwamba huenda nilikosea gari. Lilinipita karibu hata ningeweza kuligusa. Kitanzi kile kilifungwa kwa fundo la kufungia mbuzi, lile ambalo baba yetu Usumani, Mungu amrehemu, alilibuni mwenyewe akatufundisha wewe na mimi, linalokaza likivutwa na kulegea likisukumwa. Hakuna mtu mwingine katika Rwanda hii anayelifunga. Sangwa hajui hata kufunga kamba za viatu.

Usiku ule alinieleza yote. Kwamba mwezi wa tatu wewe ulimkuta Nyabugogo amekaa juu ya magunia, hoi, siku ya mazoezi, ukamwambia muramu, shemeji yangu, ngoja nikutoe mlimani. Kwamba ulimfungia kamba ile mwenyewe, mkapatana juu ya taa, mbili za kumwita na mbili za kumuaga. Kwamba unapita Jumanne na Jumamosi, na yeye alizijua saa zako kuliko za sala. Hakukulaumu. Alisema wewe ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyemsaidia bila kumhubiria. Neno hilo limenikaa, kwa sababu anayehubiri ni mimi.

Basi kandambili zile, nilizozitukana wiki nzima, zilikuwa na akili kuliko sisi sote. Zilikuwa viatu sahihi kwa kazi aliyokuwa akiifanya. Jovia alitafuta kosa miguuni, mimi nikamsaidia kulitafuta, na wewe uliyejua liko mkononi ulikuwa mbali ukitazama kioo. Ulipoona mkono umeachia, ulidhani ameamua kuachia. Najua hukumwona akianguka. Ndiyo maana nakuandikia wewe, na si polisi.

Jumatatu nilimwambia Sangwa achague, amwambie Jovia yeye au nimwambie mimi. Alikwenda mwenyewe. Jovia alifuta saa zake zote za Shyorongi. Kisha akamwambia Rebero hakuna malori, Jumapili atapanda kama wengine, na baiskeli atamwazima ya klabu. Alipomuuliza atavaa viatu gani, Sangwa alisema vya kunasa. Nilimwambia kiwiko hakijapona. Akasema kiwiko hakina kazi tena. Naogopa, Kaka. Naogopa atashindwa, na naogopa zaidi kwamba akishindwa, Jumanne atasimama tena pale Giticyinyoni akitazama nyuma.

Ombi langu ni moja. Fungua fundo lile kwa mkono wako, usimwachie utingo. Na Jumanne ukimwona pembeni, usiwashe taa. Mpite, hata kama atakuita muramu, hata kama moyo wako utauma. Ukiweza, njoo Rebero Jumapili kwa basi, usimame na mimi pembeni ya barabara umtazame akipanda polepole.

Ndani ya bahasha utakuta glavu ya kushoto. Sikuifua. Ya kulia bado anaivaa.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na mama mwambie tu kwamba Sangwa aliteleza. Mengine nitamwambia mwenyewe tukionana, inshallah.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na ambaye leo bado nimekukasirikia,

Umuhoza binti Usumani