Usiku Tuliolala Nje Bugarama

Bugarama, Ngara
Jumatano jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu umepungua kuvimba. Baba naye umfikishie shikamoo yake. Mimi mwili wangu mzima, chakula nakula, darasani naingia. Ila moyo haujatulia, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Uliniuliza kama wakimbizi wanatusumbua. Ngoja nikueleze lililotokea Jumamosi, kisha wewe mwenyewe utajua nani amemsumbua mwenzake.

Huku watu wameanza kuchokana. Wakimbizi wanakata miti wapate kuni, wenyeji wanawafukuza kwa mapanga. Basi mwalimu mkuu wetu na viongozi wa kambi wakapanga mkesha kwenye uwanja wa shule. Wenyeji walale nje usiku mmoja kama walivyolala wale waliovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda: turubai moja kwa kila familia, kikombe cha mahindi ya kuchemsha, bila taa wala blanketi, ili nao waonje. Asubuhi wangekuja wageni kutoka wilayani. Mimi niliwekwa kulinda njia ya kuingilia uwanjani. Kanuni ilikuwa moja tu, hakuna kuondoka mpaka kuche.

Kutoka kambini aliletwa mama mmoja, Spesioza, atuonyeshe jinsi ya kufunga turubai na atusimulie safari yake. Ni rika langu, Mama. Alisimulia kwa Kiswahili cha kuokoteza: mume alibaki njiani, watoto wawili wakubwa walipotea kwenye msongamano, hajui waliko. Mgongoni alikuwa na wa mwisho, Klodina, hajafikisha miaka miwili. Watu walilia. Hata mzee Bahati, ambaye miti yake yote imekatwa na ndiye apigaye kelele kuliko wote mikutanoni, aliinamisha kichwa.

Usiku ukiwa umekwenda, Spesioza alinijia.

"Mwarimu, mtoto anaungua. Nataka kurudi kambi, kwa daktari."

Nilimgusa mtoto. Alikuwa wa moto kweli. Nikamwambia, "Dada, gari litakuja asubuhi. Wakimbizi hawaruhusiwi kutembea usiku, utakamatwa. Tena nikikuruhusu wewe, wote wataondoka, na wageni wanakuja. Vumilia kidogo."

Hakubishana. Alisema tu, "Haya, mwarimu," akarudi chini ya turubai. Mama, hiyo "haya" yake ndiyo inayonikosesha usingizi.

Kwenye saa tisa mvua ikamwagika. Wenyeji walinyanyuka, wakafunika vichwa, wakakimbilia majumbani kwao, na mimi sikumzuia hata mmoja. Uwanja ulipobaki mtupu nikamwona yeye peke yake, amemkumbatia mtoto, turubai limeangushwa na upepo. Hakuwa na pa kukimbilia. Nilimfuata mbio. Klodina alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka.

Nilipiga kelele. Aliyerudi ni mzee Bahati, na baiskeli yake. Aliwapakia Spesioza na mtoto nyuma, akashika usukani, mimi nikasukuma kwenye tope.

"Tukaze, mwalimu," akawa anasema. "Tukaze."

Tulipofika kambini kulikuwa kunapambazuka. Daktari alimlaza mtoto mezani, akamsikiliza kifua, kisha akamfunika uso. Malaria ilikuwa imepanda kichwani.

"Mngemleta mapema," alisema.

Nilimwambia Spesioza kosa ni langu. Aligeukia ukutani.

Wageni walikuja uwanjani. Nasikia walihutubia, wakapiga picha maturubai yaliyolowa. Mzee Bahati hakwenda kuwasikiliza. Alikuwa nasi makaburini, na jembe lake.

Jana Spesioza alikuja shuleni. Nilidhani kaja kunitukana, nikasema moyoni, na anitukane. Kumbe alitaka nimwandikie barua ya kupeleka kwa wagawaji chakula, jina la mtoto lifutwe kwenye kadi. Jirani zake kambini walimshauri anyamaze, aendelee kupokea mgao wa watu wawili.

"Sitaki kula mahindi ya mtoto wangu," akaniambia. "Andika, mwarimu. Wewe unajua alikufa saa ngapi."

Nikaandika. Aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akaondoka bila kuniaga.

Ulitaka niombe uhamisho nirudi Tanga. Kwa sasa sitaomba, Mama, usinikasirikie. Si ushujaa. Naona tu siwezi kuondoka hapa kama mtu aliyekuwa anapita njia. Spesioza hajanisamehe, nami simwombi aharakishe.

Nisalimie bibi, umwambie dawa yake ya mizizi bado ninayo. Kaka Hamisi na wifi, na shangazi anayeshona pale sokoni, wote nawasalimu. Mdogo wangu Rukia mbusu kwa ajili yangu. Nawe ukimaliza sala, kabla hujaniombea mimi, mwombee kwanza Klodina.

Ni mimi mwanao,
Zainabu