Upande wa mutoni hakuna kibao

Mupwa wangu Riziki,

Ni minye mujomba wako, muwindaji ambaye kanga wote wa Ruzizi wanajua hatua yake. Hapa Nyamianda tuko wazima. Mama yako anakusalimia sana.

Umeniuliza kama muwindaji anaweza kuingia shamba la mutu kupitia upande usio na kibao cha kukataza. Siku moja kule Katogota, mbwa wangu alifukuza simbilisi munono, ule panya mukubwa wa porini, mpaka ndani ya miwa ya Mama Furaha. Kibao chake kilikuwa barabarani. Sisi tulitokea mutoni. Mama akamufunga mbwa kamba.

Nikamwambia kwa sauti ya avoka anayetetea mutu mahakamani: "Mama, upande huu haukuandika kitu!"

"Weye, nyumba yako iko na dirisha? Nikiingilia hapo, nitasema haukuandika kitu?"

Nikaomba ruhusa, akanirudishia mbwa. Tangu siku hiyo ninapiga hodi kwake kwanza, na yeye mwenyewe ananionyesha mahali simbilisi wanakula miwa yake. Nikiua mumoja, paja moja ni lake.

Lakini usiambie watu: maneno yale ya avoka niliyasema nikiwa nimekwama mu mufereji wake, matope kiunoni. Ni yeye alinivuta.