Aliyeibusu Beji ya Garsby

Jumamosi, 28 Septemba

Tumefungwa tatu bila. Nyumbani!

Jumatatu wamemfukuza Oldroyd, kocha aliyetupandisha daraja mara mbili, na leo tumeonyeshwa mrithi wake. Gethin Pryce. Mwelshi. Miaka thelathini na sita, koti jembamba, kompyuta kwapani utadhani kaja kututengenezea intaneti. Anataka kipa aanze kwa pasi fupi. Kipa wetu! Hobday, ambaye hata chumvi hawezi kukupitishia mezani bila kuimwaga. Goli la kwanza — pasi fupi. La pili — pasi fupi. La tatu nilikuwa kwenye foleni ya pai, nikasikia wageni wakishangilia, sikuhitaji kuuliza.

Wilf kasema tumpe muda. Wilf ana miaka themanini na mmoja na amekaa kiti cha kushoto kwangu tangu jukwaa la Mashariki lipate viti. Nikamwambia muda nawapa mayai tu.

"Binti, una kinyongo wewe."

"Ninacho, mzee. Na nakilisha vizuri."

Nchi nzima imekuwa hivi. Waziri Mkuu anaingia, anasimama mlangoni, anaomba apewe muda. Kabla hujazoea jina lake kuna mwingine mlangoni. Angalau makocha wanapigiwa kelele na watu waliolipa kiingilio.

Alhamisi, 3 Oktoba

Siamini. Denzil Crabtree anagombea udiwani. Kata yetu!

Diwani wa zamani kahamia Hispania na magoti yake, kwa hiyo uchaguzi mdogo, Alhamisi ya tarehe ishirini na nne. Na nani kajitokeza? Mgombea huru, "mtoto wa Hebblewick". Mtoto!

Niandike tena, maana nikiandika napumua. Alikuwa wetu. Namba tisa. Mwaka 1992 nilimchora kwenye bango la futi kumi na mbili, kazi ya wiki tatu, rangi nimenunua mwenyewe, goti limekufa ganzi sakafuni. Mwaka uliofuata akaenda Garsby. Garsby, maili sita, watani wetu tangu babu zetu! Sawa, mchezaji ni mchezaji, anahama. Lakini aliporudi na jezi yao akatufunga dakika ya themanini, akakimbia uwanja mzima mpaka mbele ya jukwaa letu, mbele yangu mimi, akaibusu beji yao. Mara mbili. Nililichoma lile bango bustanini, moshi ukaingia kwa jirani.

Sasa anauza nyumba. Meno mapya.

Wilf anasema miaka thelathini na moja inatosha kumsamehe hata mwizi wa farasi. Mimi sikuibiwa farasi.

Jumatano, 9 Oktoba

Karatasi ya kura imekuja kwa posta (nimekuwa nikipiga hivyo tangu operesheni ya nyonga). Na katika barua hizohizo, kipeperushi cha Crabtree. Picha kubwa: Crabtree na kocha Pryce, bega kwa bega, wanacheka. "Pamoja kwa Hebblewick."

Loo! Kumbe ndiyo mchezo wenyewe. Mwenyekiti wa klabu ni rafiki yake Crabtree, wakamtoa Oldroyd, wakaweka kibaraka wa kupiga naye picha. Nikakigonga kikombe mezani mpaka chai ikamwagika.

Nimpe nani kura? Wako wawili tu. Mwingine ni Shabnam Mirza, mfamasia wa Mill Street, anagombea kwa chama cha baba yangu. Baba alikipigia chama kile mpaka anaingia kaburini. Lakini walipofunga bwawa la kuogelea niliapa sitawapa kura tena, na nikiapa nimeapa. Niwarudie hivihivi? Hapana. Simpi mtu.

Nikachukua kalamu yangu nyembamba kabisa na kwenye kisanduku cha Crabtree nikachora nyoka. Sio nyoka wa kitoto. Magamba, jicho, ulimi wenye panda. Kisanduku kidogo kama ukucha, lakini miaka ishirini na nane nimechora herufi kwenye malori na magari ya maziwa — mkono wangu hautoki nje ya mstari. Kura imeharibika, ujumbe umefika. Atauona, maana wagombea huonyeshwa kura zenye utata. Nataka auone!

Nimeitia kwenye bahasha, nimesaini, nimeipeleka kwenye sanduku la posta palepale, na mvua yote ile. Nimerudi nimekula chakula cha watu wawili. Utamu ulioje!

Jumamosi, 12 Oktoba

Moja moja. Lakini leo habari si mpira.

Baada ya mechi tulikuwa garini mwa Wilf, redio ya mkoa inamhoji Pryce. Mtangazaji akamuuliza habari za ile picha. Pryce akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba ilipigwa kwenye ufunguzi wa duka la magari, hakuombwa ruhusa, na hampigii kampeni mtu. Halafu akasema: "Ila nikiwa ofisini kwake Crabtree alinionyesha ramani. Nyumba mia mbili. Nikautafuta uwanja wetu kwenye ile ramani. Pale penye lango letu wamechora jikoni."

Wilf akazima injini. Ilikuwa hata haijawaka vizuri.

Uwanja ni mali ya halmashauri na mkataba wetu unaisha Juni. Madiwani wanaotaka kuurefusha ni kumi na watano. Wanaotaka kuuza, kumi na watano. Kila mtu alijua hilo. Crabtree alikuwa akiapa kila mlango kwamba yeye ni mtu wa kuurefusha. Kiti hiki kimoja ndicho kitakachoamua.

"Mwenyekiti atamfukuza huyu kijana," Wilf akasema.

"Atamfukuza."

"Na alijua hivyo, na bado amesema."

Pasi fupi bado sizitaki. Lakini ubaya niliomdhania si wake, na niliandika kwa hasira, na ile bahasha sasa iko wapi?

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepiga simu ofisi ya uchaguzi saa tatu kamili. Naweza kubadilisha kura ya posta? Dada wa watu, mpole: "Ikishafika, mama, imefika." Basi. Imeharibika, haimsaidii Shabnam, lakini haimsaidii nyoka pia. Sare.

Kutoka hapo moja kwa moja mpaka duka la dawa. Shabnam Mirza yuko nyuma ya kaunta, miwani kichwani, anahesabu vidonge vya bibi mmoja. Nikasema nimekuja kusaidia. Akanitazama.

"Mama Noreen. Si wewe uliyesema kwenye foleni hii hii kwamba chama changu hakistahili kusimamia hata bafu la sungura?"

"Nilisema bwawa la bata."

"Samahani. Bwawa la bata." Akanipa vipeperushi mia tatu. "Anza na Chapel Street. Mbwa wa namba nane anauma wanaume tu."

Nimeshampenda. Sikumwambia habari za kura yangu. Ya nini? Nitamletea kura hamsini badala ya moja.

Jumapili, 20 Oktoba

Milango, milango, milango. Miguu inawaka. Nawaambia watu: penye lango jikoni. Wengine hawajali mpira. Hao nawaambia habari za msongamano wa magari. Nimepata ahadi sitini na mbili.

Kwenye kona ya Chapel Street nikakutana naye uso kwa uso. Crabtree, na vipeperushi vyake. Mara ya kwanza tunasimama karibu hivi tangu siku ile ya busu.

"Noreen Haigh! Bado unakaa jukwaa la Mashariki?"

"Mpaka mtakaponiwekea sinki."

Akacheka. Akasema ile ramani ni wazo tu, Mwelshi hakuelewa. Kisha akaacha kucheka. "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, Noreen. Mlinizomea dakika themanini. Mama yangu alikuwa jukwaani akisikia mnavyomwita. Nikafunga goli, nikafanya ujinga wa sekunde tano. Wewe umekaa na hasira muda mrefu kuliko mimi nilivyocheza mpira."

Nikamwambia mimi na hasira yangu tunaelewana, tunakula pamoja, hatudaiani. Nikageuka. Nyonga ikauma njia nzima.

La mama yake sikulijua. Haidhuru. Simsamehe! Ila sikulijua.

Jumanne, 22 Oktoba

Mechi ya katikati ya wiki. Pasi kumi na saba, nilizihesabu kwa chuki, ya kumi na nane Hobday mwenyewe kaipiga kutoka nyuma mpaka winga, na mpira ukaishia wavuni. Moja bila. Nilisimama. Nikakaa haraka Wilf asinione.

Aliniona.

Jukwaa zima limeimba jina la Pryce. Mwenyekiti kwenye kiti chake cha ngozi kama kameza ndimu. Kumfukuza kabla ya kura hawezi, itamwangusha Crabtree. Crabtree akishinda, Ijumaa hiyohiyo Pryce hana kazi. Kila mtu anajua.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua toka alfajiri. Nimewapeleka kupiga kura watu kumi na mmoja kwa gari la Wilf. Mmoja alisahau miwani, mmoja alisahau kitambulisho, tukarudi. Shabnam kaniomba kesho niwe wakala wake kwenye kuhesabu, wa kawaida kaugua tumbo. "Wewe una jicho," kasema. Nimekubali.

Ijumaa, 25 Oktoba. Saa tano na nusu asubuhi, chooni, ukumbi wa michezo wa shule

Naandika nimekaa juu ya kifuniko.

Wamehesabu vizuri, sina la kusema. Meza ndefu, wanawake wa benki na walimu wastaafu, wamevaa vifuniko vya mpira vidoleni. Kisha msimamizi, Bwana Threlfall, mrefu, kikohozi kikavu, akatuita mezani kwake kwa kura zenye utata. Mawakala na wagombea. Kura tisa.

Ya kwanza ina X mbili. Imekataliwa. Ya pili imeandikwa tusi kutoka kona mpaka kona. Imekataliwa. Ya tatu, ya nne. Crabtree kasimama mkono wa kulia kwangu ananuka sabuni ya bei.

Ya saba alikuwa nyoka wangu.

Moyo! Furaha kwanza, naapa. Nikamtazama Crabtree nione uso wake. Na uso wake ulikuwa unamtazama wakala wake, yule binti mwenye faili, na binti alikuwa tayari anazungumza. Alama iko ndani ya kisanduku kimoja. Haijagusa mstari popote. Kisanduku kingine ni kitupu. Nia ya mpiga kura iko wazi.

"Nia?" nikasema. "Huyo ni nyoka!"

Threlfall akavua miwani, akaisogeza karatasi karibu na pua. "Kazi safi sana," akasema. "Sheria hailazimishi X, mama. Watu huchora nyuso, huchora maua. Mtu akiweka alama mahali pamoja tu, ninahesabu kwamba amechagua hapo."

"Lakini anamtukana!"

"Huenda anampenda nyoka. Wewe utajuaje alichokusudia mpiga kura huyu?"

Wote wakanitazama. Shabnam naye. Nikisema ni yangu, Shabnam atajua nilichomficha, na Threlfall hatabadili kitu. Kura ni siri, mtu yeyote anaweza kudai nyoka ni wake. Laiti ningemchora ovyo! Laiti mkia ungetoka nje ya mstari, unywele mmoja tu! Miaka ishirini na nane ya mkono usiotetemeka.

"Crabtree," akasema Threlfall, akaiweka kwenye rundo lake.

Crabtree hakucheka. Aliniangalia mimi, si karatasi. Alinijua. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeachiwa kiti basini.

Matokeo: Mirza 811. Crabtree 811.

Wamerudia. 811, 811. Wamerudia tena, viatu vya mpira vinatoa mlio kwenye sakafu ile yenye mistari ya mpira wa kikapu. Yaleyale.

Bila nyoka, tungekuwa tumeshatoka nje tunakumbatiana. Kwa X moja ya kawaida mahali pengine, tungetoka zamani. Sikukosewa na Crabtree leo. Nimejikosea mwenyewe, kwa ustadi, na nikala chakula cha watu wawili.

Sasa ni kura ya bahati, ndiyo sheria, ikifungana hivi. Threlfall ameandika majina mawili, kayakunja sawasawa, anatafuta chombo. Mwalimu wa michezo kaleta kofia iliyosahauliwa na mtoto. Wilf ananipigia simu kutoka nje, sipokei. Atauliza imekuwaje zikalingana.

Mlango umegongwa. Shabnam.

"Mama Noreen? Umeugua?"

Nimesema hapana, nyonga.

"Anataka shahidi mmoja kila upande asimame karibu na kofia. Nataka uwe wewe." Kaegemea mlango. "Hivi ni mtu wa namna gani, mama, anakaa nyumbani kwake anachora nyoka mzuri vile, halafu hampi mtu kura?"

Naviona viatu vyake chini ya mlango, vimelowa tangu jana, hajabadili.

"Njoo," kasema. "Hakuna mtu mjini hapa anayemchukia Crabtree kama wewe. Chuki kama hiyo lazima itusaidie mara moja."

Nimesema natoka. Nimesema hivyo mara mbili. Wanaita jina langu ukumbini, na nafunga daftari, naenda kusimama karibu na ile kofia.