Makoo Manne ya Gari la Kaka

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, ujue kwamba baba ni mzima, anakula, na sasa hivi yuko kibarazani anagombana na redio. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: ungeruka mistari yote kutafuta habari zake, halafu usielewe kitu. Sasa soma taratibu. Mama mkubwa anaendeleaje na mguu wake? Mpe salamu zangu nyingi, na umwambie asijitie ujana akaanza kutembea kabla mfupa haujakubali. Huku mvua haijatupa nafasi tangu uondoke, paa la jikoni linavuja palepale, na chai ya baba bado ni kama maji ya rejeta.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini baba hapokei simu zako mchana, nikakujibu amelala. Haikuwa kweli. Ila jambo lenyewe si la simu. Kwa simu ungelia, nami ningelia, habari ikabaki nusu.

Ulipotoka tu, baba alifungua banda la gari. Unajua hakuna aliyeligusa tangu tumzike kaka. Gari lilikuwa vilevile alivyoliacha: boneti juu, kabureta imefunguliwa na kuwekwa kando, na chini ya benchi lile boksi la makoo manne aliyoyanyofoa kwenye pikipiki kubwa iliyogongwa. Mafundi wengine huyaita throto; yeye aliyaita makoo, na jina likakaa. Utakumbuka alivyokuwa akitueleza mezani mpaka chakula kinapoa, kwamba injini ile imezeeka ikivuta hewa kupitia mlango mmoja, sawa na watoto wanne waliopewa kikombe kimoja. Wa kwanza anashiba, wa mwisho anaramba. Kila silinda ikipata koo lake, lenye kipepeo chake cha bati cha kufungua na kufunga hewa, injini itapumua kama kijana. Wewe ukamwambia huyo kijana akipumua kwa kelele hivyo apelekwe hospitali. Baba akasema kazi hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Basi ni baba huyohuyo aliyenijia kazini, akasimama kando ya mashine yangu ya kerezo na kofia mkononi kama mteja mgeni, akaniomba nimchongee bamba la aluminiamu la kuunganishia makoo na injini.

Mama, nilifurahi. Niseme nini? Tangu msiba, sisi wawili tulikuwa tukipishana kwenye korido kama wapangaji. Sasa tukawa na kazi. Nilikata bomba la zamani la kuingizia hewa, nikabakiza vishina vinne vinavyokaa kwenye injini, baba akavichomelea kwenye bamba. Matundu niliyasugua kwa tupa mpaka kidole kikipita hakihisi ukingo. Makoo ya pikipiki yamebanana kuliko silinda za gari, kwa hiyo ilibidi tuyatenganishe, tuyavike mipira mifupi yenye vibano, na kuunda upya fimbo inayofungua vipepeo vyote kwa pamoja. Nozeli za kunyunyizia mafuta, pampu na kompyuta yake, kaka alikuwa ameshakusanya. Baba alinituma nimpe hiki, nimshikie kile, akanikaripia kama zamani, nami nikajibu mdomo kama zamani.

Injini ilipowaka, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alikuja mbio na kiatu cha mtu mkononi, akauliza kama tumefuga simba. Tulicheka mpaka baba akafuta machozi.

Kilichobaki kilikuwa kuyasawazisha makoo, yavute hewa sawa, lisiwepo la mchoyo wala la mlafi. Baba hapendi vipimo vya saa, vile vya mshale. Alichukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa koo, akawa anasikiliza mlio wa hewa na kugeuza skrubu kidogokidogo. La kwanza, sawa. La pili, sawa. Alipofika la tatu akaacha kugeuza skrubu. Akakaa hapo muda mrefu, ameinama, jicho moja amelifumba. Nilimwuliza kama kuna mahali panavuja. Akanipa mpira, akasema, "Hebu sikiliza wewe."

Nikasikiliza. Mama, hewa ikivutwa na injini hulia kama shuka linalopasuliwa taratibu. Koo lile halikulia hivyo. Lilikuwa linavuta na kukatisha, linavuta na kukatisha, kama mtu aliyefungua mdomo kusema jambo akaghairi. Nilirudi kwenye la pili, nikasikia hewa. Nikarudi kwenye la tatu, nikasikia yule mtu. Nikamwambia baba ni kipepeo kimelegea. Nikakifungua, nikakipima, hakikuwa kimelegea.

Tangu siku hiyo baba hakutoka tena bandani. Mvua ilikuwa ikipiga ya upande, kwa hiyo alifunga milango, akapitisha bomba la moshi kwenye tundu la ukuta. Nikirudi kazini namkuta kwenye kiti cha dereva, injini inanguruma taratibu, ule mpira ameupitisha dirishani mpaka sikioni. Chai aliinywea humo. Ukimwita anainua mkono kama mtu aliye kwenye mazungumzo. Wale mbayuwayu wa kwenye boriti tuliwakuta chini, wamekufa wote, mabawa yamekunjwa vizuri. Niliwafagia nje, nikajiambia ni baridi. Tulikuwa tukiumwa vichwa sote, tukajiambia ni mafua. Mtu asiyetaka kujua hakosi la kujiambia.

Nami sitajitoa, maana nilisikia pia. Jioni moja niliingia kumwita ale, nikakaa kando yake kidogo, akanipa mpira. Koo la tatu likavuta, likakatisha, kisha likasema "Spana." Wazi kabisa. Unajua ni nani peke yake aliyeniita hivyo. Niliutupa mpira kama nimeshika nyoka. Baba wala hakunigeukia. Aliniambia, kwa upole tu, "Amekuuliza hali. Mbona humjibu?"

Kesho yake fundi viatu alinisimamisha barabarani. Akaniuliza, kwa kuzungukazunguka kama ilivyo desturi yake, yule mgeni wetu atakaa mpaka lini. Nikamwambia hatuna mgeni. Akasema milango ya banda ilifunguka kidogo kwa upepo, na alimwona mtu kwenye kiti cha abiria, ameegemea kama amechoka na safari, baba anamweleza jambo kwa mikono. Nilipofika nyumbani nilimsihi baba tupumzishe lile gari. Akaniangalia kama nimemwambia amfukuze mtu mezani.

Sasa mama, hapa ndipo ushike moyo.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kazini, nikakimbia nyumbani na vumbi la chuma nywele nzima. Nilimkuta baba amelazwa kwenye matope mbele ya banda, mvua inampiga usoni, fundi viatu amepiga magoti anampigapiga mashavu. Alikuwa anapumua. Uso wake ulikuwa mwekundu usio wa kawaida. Tulimpakia kwenye gari la mwuza maji, na hospitali wakamvika hewa safi puani. Daktari, dada mmoja mtaratibu, alinieleza kwamba moshi wa injini una gesi isiyo na harufu, inamlaza mtu akijiona yuko salama; na kabla ya kumlaza humwumiza kichwa, humwonesha wasiokuwepo, humsikizisha wasiosema. Nilirudi nikalala chini ya gari na tochi. Kweli, bomba la moshi lilikuwa na ufa kwa nyuma, mahali macho hayafiki, na moshi ulikuwa ukipanda kupitia sakafu ya gari. Nilipouona ufa ule nililia kwa nafuu. Nikajua hatukurogwa, wala hatukuwa wendawazimu. Ni gesi.

Lakini nilimwuliza fundi viatu alijuaje aende bandani. Akasema yeye ameuzoea ule mngurumo, anashona akiwa nao. Ghafla ukakatika, si kama gari lililozimwa, bali kama mtu aliyezibwa mdomo. Ndipo akainua kichwa, akaona si bure, akaenda, akamburuta baba nje.

Nikaenda kutazama. Swichi ilikuwa bado imewashwa. Mafuta yapo, betri nzima. Baba alikuwa amezirai na mikono mapajani. Nikainama kwenye makoo. Mama, nilipoyafunga nilikiwekea kila kipepeo kizuizi chake, kisifunge kabisa, injini isikose hewa. Nikakaza kwa nati, na juu ya kila nati tone la rangi yangu ya kucha, ili ikiguswa rangi ipasuke. Rangi ilikuwa nzima. Na vipepeo vyote vinne vilikuwa vimefunga ndi, vimepita vizuizi vyao, hata wembe usingepenya. Chuma hakiwezi kupita chuma. Ndiyo kazi yangu, nalijua hilo. Nikaigusa ile fimbo kwa ncha ya kidole. Vyote vikafunguka kwa pamoja, vikarudi palepale nilipoviweka, na ndani ya injini ile iliyopoa ikatoka pumzi moja ndefu.

Hapo hapakuwa na gesi. Milango ilikuwa wazi, upepo unapita, na kichwa changu hakikuwa kinauma.

Bomba nimelichomelea. Gari tumelisukuma nje, liko chini ya turubai lisilo na kuta, na baba alipopata nguvu aliliwasha akasikiliza koo moja baada ya jingine. Akasema ni hewa tu, sawasawa yote manne. Akakunja ule mpira, akauweka mfukoni, akaingia ndani kulala. Hajauliza tena habari za gari.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Baba hataki nikuambie, anaogopa utaona akili zake hazijarudi. Jana, nikimnyoa, alinieleza kwamba siku ile, kabla macho hayajawa mazito, koo la tatu liliacha kukatisha, likatoa maneno mpaka mwisho: "Mwambie mama nilimsikia. Mwambie, ndiyo." Baba akamwuliza ndiyo ya nini. Akajibiwa kwamba mama anajua.

Baba hajui, nami sijui. Ninachokumbuka ni kwamba asubuhi ile ya mwisho ya kaka hospitali, muuguzi alitutoa nje sote, wewe ukabaki, na kupitia kioo cha mlango nilikuona umeinama sikioni mwa kaka, midomo yako inatikisika. Alikuwa ameshapitisha siku nzima bila kufungua macho. Hukuwahi kutuambia ulimwuliza nini, wala mimi leo sikuulizi. Labda ni gesi, kama alivyosema daktari. Nimekuletea tu kilicho chako.

Msalimie mama mkubwa na wote wa nyumba hiyo. Baba anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia. Usiharakishe kurudi kwa ajili yetu. Lakini ukirudi, tutafurahi sana.

Mwanao akupendaye,
Kitinda mimba wako