Nyuma ya Ndege ya Mahindi

Jumatatu, 3 Septemba 1984

Dawa na magazeti kutoka Nairobi kwa kindege changu, kama kawaida. Peke yangu. Mbele yangu ndege kubwa ya mahindi ya msaada ilikuwa inatua Isiolo. Nikaifuata kwa karibu. Sababu ni mbuzi wa Ngaremara, kijiji jirani. Wachungaji wakisikia injini huwatoa uwanjani. Ndege ikishatua tu, huwarudisha. Nikaona nipenye kabla hawajarudi.

Karibu na ardhi bawa la kushoto likainama ghafla. Usukani wote kulia, ndege haisikii. Halafu ikaachiliwa, nikatua kwa kishindo. Na hewa ilikuwa tulivu kabisa! Nikazima injini, nikaketi juu ya katoni za dawa.

Jumanne, 4 Septemba

Upumbavu mtupu. Nilifundishwa haya. Ndege kubwa huacha vimbunga viwili nyuma ya mabawa yake. Havionekani. Huzama polepole, hukaa dakika kadhaa. Kindege changu humo ni karatasi tu. Ama ungoje, ama upite juu ya njia yake na kugusa ardhi mbele ya pale ilipogusa yenyewe. Nimejikasirikia siku nzima.

Alhamisi, 6 Septemba

Hospitalini Nairobi. Mama katolewa bandeji za macho baada ya upasuaji. Anaona. Jumamosi nampeleka nyumbani Bulla Pesa, mtaa wetu pale Isiolo, mimi mwenyewe. Hajawahi kuniona nikirusha ndege. Mjomba Wario, kaka yake, ameshatangazia mtaa mzima. Najivuna, sifichi.

Jumamosi, 8 Septemba

Umati uwanjani, shuka na leso za kila rangi. Na ndege ya mahindi mbele yetu tena. Ikatua. Mbuzi wakaanza kurudi.

Nilitaka kushuka. Nilitaka sana. Ukoo wote unatazama, nani apende kuonekana mwoga? Nikapandisha, nikazunguka. Mama akauliza tunangoja nini. Nikamwambia upepo wa ile kubwa. Akasema sawa, akaendelea kutazama chini.

Tukazunguka mpaka nikaridhika. Mbuzi wamejaa katikati. Nikapita juu yao injini ikinguruma, wakatawanyika. Nikarudi nikiwa juu, nikapita pale magurudumu makubwa yalipogusa, nikatua mbele yake. Laini. Sijawahi kutua vizuri hivyo. Nilitamani kupiga kelele.

Jumapili, 9 Septemba

Nyumba imejaa wageni. Chai ya maziwa ya ngamia. Mjomba Wario hakuniacha: ati rubani wetu alipotea njia juu ya paa la mamake, ati mbuzi wa Ngaremara wamemshinda. Watu wakacheka. Nikaanza kueleza vimbunga, wakazidi kucheka.

Mama akaweka kikombe chini.

“Wario, hiyo ndege ilikuwa imenibeba mimi.”

Mjomba akainuka, akachukua birika, akanimiminia chai yeye mwenyewe kabla ya wazee. Nikanywa nikiangalia sakafu.