Mpunga Uliosimama Majini

Atupele,

Acha ujinga! Mjomba wako, huyo niliyemzaa mwenyewe, anasema kugusa vinasaba vya mpunga ni kumkosoa Mungu, nawe unafunga begi uache chuo? Ugonile, maana salamu nimeiruka. Huku Ikolo tu wazima. Babu yako anakohoa, ila anakula.

Unaniuliza kama ni dhambi kubadili kitu kidogo ndani ya mbegu ili mpunga uvumilie maji. Nilipoolewa, mafuriko yalilaza shamba zima. Mashuke machache yakabaki wima. Nikayachuma, nikayaning'iniza juu ya moshi jikoni yawe mbegu. Baba mkwe, ambaye kwa mila yetu hata uso wake sikuruhusiwa kuutazama, akamtuma mama mkwe: "Mwambie huyo binti asituletee uchawi shambani."

Nikapanda hivyo hivyo. Maji yaliporudi, mpunga wangu ukasimama. Baba mkwe alirudisha sahani tupu iongezwe wali.

Mimi nilichagua kwa macho, ninyi mnaingia ndani ya punje. Fungua hilo begi, kesho urudi maabara. Na harufu ya mchele wetu msiiguse. Mkiipoteza, usije kunisalimia.

Bibi yako