Gervas Likapa, Ambaye Tuligawana Kanda Zake

Leo unatimia mwaka mmoja, Gervas, tangu asubuhi ile ya Septemba 1996 ulipotutoka nyumbani kwako Newala, baada ya kuugua siku nne tu. Ulikuwa na miaka arobaini na sita.

Wengi wanaosoma gazeti hili wanakufahamu kama fundi wa mashine za kupulizia salfa. Kila msimu wa mikorosho uani kwako palikuwa na mashine tatu nne zimefumuliwa, nawe umekaa katikati, nyusi zimegeuka njano kwa unga. Ufundi hukusomea popote. Ulifungua mashine, ukapanga vipande juu ya gunia kwa mfuatano ulivyovitoa, ukavirudisha hivyo hivyo kuanzia cha mwisho. Mteja aliyekuharakisha ulimwambia akanywe uji kwanza. Wajane uliwatengenezea bure, na ukawakataza wasiseme.

Wachache ndio wanaojua ulichokipenda kuliko mashine. Biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kuingia, korosho zako za misimu miwili ziligeuka televisheni, deki ya video na jenereta ndogo. Wenzako walitafuta kanda za ngumi na za muziki. Wewe ulitafuta filamu za zamani, zisizo na rangi, za zimwi moja linalotoka ziwani, na si filamu moja, ulitaka zile za kuendelea. Nurdini, mfanyabiashara wa Mtwara, alikuletea moja moja, tena bila mpangilio: kwanza ya nne, halafu ya pili. Miaka sita ikakupa kanda tano, kuanzia ya pili mpaka ya sita. Ya kwanza haikufika huku juu. Watu walipokuuliza unawezaje kuanzia ya pili, ulisema ya kwanza inaeleza tu zimwi lilivyokuja, lakini ya pili linarudi, na hapo ndipo mambo yanapoanza.

Jumapili baada ya ibada ulitundika blanketi dirishani na kutukaribisha. Hukuruka kanda hata moja, ingawa tulikwisha kuziona mara ishirini. Ulisafisha deki kwa kitambaa na spiriti. Kila kanda uliirudisha mwanzo, ukaifunga kwenye khanga isiingie salfa, na kile kipande cha plastiki cha pembeni ulikivunja ili mtu asirekodie juu yake. Mama yetu Anjelina, zimwi lilipoibuka tena, aliuliza, "Huyu si tulimzika Jumapili iliyopita?" Ukamjibu, "Mama, tulimzika vibaya." Nyumba nzima ikacheka.

Aliyekaa karibu yako siku zote ni binti yako Josephina. Wewe ulizijua filamu zile kwa macho, yeye akazijua kwa maneno, maana Kiingereza alikipata shuleni, akatutafsiria sote. Mlibishana miaka mitatu kama zimwi la kanda ya tano ni lile lile au ni mwanawe. Mpaka umekufa hamjakubaliana.

Sasa tuseme lililotuleta gazetini.

Siku ya arobaini tulikaa kugawa nguo zako, kama ilivyo desturi, kila ndugu apate cha kukukumbukia. Nguo zenyewe hazikutosha. Ulivaa mashati mawili na koti moja, kwa sababu tunazozijua. Kaka yako Dastani ndiye aliyesimamia. Hapendi ndugu anung'unike, na alipoona watano wamebaki mikono mitupu, akafungua sanduku lako la bati, akahesabu kanda, akaona ni tano. Akashukuru Mungu.

Josephina alisimama mlangoni. Akasema, "Baba mkubwa, hizo ni kitu kimoja."

Dastani akamjibu kwa upole kwamba shati na suruali navyo ni vya mtu mmoja na vinagawanywa. Dada yako Mabel akaongeza kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na vitu hivi vina wapwa wa kuvirithi. Hakuna aliyembishia Mabel, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Josephina alipewa sanduku. Lilikuwa tupu.

Dastani alichukua ya tano. Hana televisheni, basi aliiweka rafuni karibu na Biblia, na aliridhika. Pasaka mwaka huu alikwenda Masasi kwa rafiki yake mwenye deki, akaomba waitazame ili akukumbuke. Alikaa mbele yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna mama analia ufukweni, na Dastani hakujua analilia nini, kwa sababu jambo lenyewe linatokea katika ya nne. Kwako lilionyeshwa mbele yake mara nyingi, lakini kumbe alikuwa akisinzia. Alitoka pale, akakaa kituoni mpaka basi la pili likaondoka bila yeye.

Akaamua azikusanye kabla mwaka haujatimia.

Ya pili ilikuwa Lulindi kwa Mabel, ndani ya kabati la vitambaa vya kanisa, nzima. Mabel aliitoa. Kwa hiyo zikawa mbili.

Ya tatu ilikuwa Lupaso kwa mpwa wako Vitalis. Huyu alimshika Dastani mkono, akamwongoza shambani kwa furaha. Utepe wote alikuwa ameuvuta nje, akaufunga kwenye vijiti toka kona hadi kona juu ya mtama, ukawa unang'aa na kuvuma kwa upepo. Vitalis akasema, "Mjomba, hakuna ndege anayetua. Marehemu ananilindia." Dastani alisaidia kukaza kijiti kimoja kilicholegea.

Ya nne, ile ya jambo lenyewe, ilikuwa Tandahimba kwa mpwa wako mwingine, Anthony. Alioa Januari. Mpiga video alitaka kanda, madukani hakukuwa na tupu, basi Anthony akaziba kwa karatasi ya gundi pale ulipovunja, harusi ikarekodiwa juu yake. Alimtuliza Dastani, "Zimwi lipo, mjomba. Tukimaliza kukata keki linaibuka, tena kwa dakika kumi nzima." Mke wake akacheka. Dastani naye akajaribu kucheka.

Ya sita anayo mama yako. Ameilaza chini ya mto wake, na alipoombwa alisema hii ni ya mwanawe wa kuzaa, anayeitaka ajitafutie wake. Hatukumlazimisha.

Mwezi uliopita Dastani alipanda Newala akiwa na kanda mbili kwenye khanga mpya. Josephina alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akampikia. Aliposikia habari ya mtama na ya harusi hakulia wala hakupandisha sauti. Alizisogeza kanda upande wa Dastani, akamwomba arudi nazo.

Dastani akamwambia tunaandika kumbukumbu, na jina lake litakuwa la kwanza, juu ya majina yetu sote.

"Msiliweke," Josephina akasema. "Siku ile mliniambia mimi si wa ukoo wenu. Gazetini niwe wa ukoo?"

"Watu watauliza uko wapi, mwanangu."

"Wakiuliza, waambieni."

Basi tunawaambia.

Gervas, hatukukuibia. Kila mmoja alichukua kwa nia njema, na aliyegawa aligawa sawasawa. Ndiyo maana inatuuma. Angekuwepo mwizi, tungemlaumu yeye.

Wanaokukumbuka ni mama yako Anjelina, kaka yako Dastani, dada yako Mabel wa Lulindi, wapwa wako Vitalis wa Lupaso na Anthony wa Tandahimba. Mjane wako, Mama Josephina, amekubali jina lake liwepo.

Josephina hayumo katika orodha hii. Aliomba asiwemo, na safari hii tumemsikiliza.

Hatutakusahau kamwe, Gervas.